Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: kidukari wa ngano apimwe kama ugonjwa wa kutu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Mifugo, Jamhuri ya Kenya;
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na watafiti wa ngano walioko Njoro;
Kwa wakuu wa KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea na mbegu;
Kwa Waheshimiwa magavana wa kaunti zinazolima ngano: Meru, Laikipia, Nyandarua, Nakuru, Narok na Uasin Gishu.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Timau. Mimi ni mkulima wa ngano. Nakodi ekari 12 upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, huku ambako mvua ikikatika mapema, upepo unaoshuka mlimani hukausha udongo ndani ya wiki moja. Nimelima ngano kwa miaka 19. Nimekimbizana na kwelea kwelea, nimengoja kombaini hadi ngano ikaanza kuota ikiwa bado kwenye suke, na nimeuza kwa bei isiyorudisha hata pesa ya mbolea. Hayo sikuyaandikia barua. Leo naandika kwa sababu ya mdudu asiyefika milimita tatu, na kwa sababu dawa yake inaweza kuwekwa ndani ya mbegu kabla mbegu haijafika kwangu.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Msimu wa juzi, ngano ikiwa na majani manne hivi, niliona mistari. Ilikuwa myeupe, imenyooka kutoka kitako cha jani hadi ncha, na mingine ilikuwa imeingia uzambarau, hasa asubuhi za baridi. Nikadhani shamba lina njaa ya mbolea. Mzee jirani yangu, aliyeanza kulima ngano mimi nikiwa msichana wa shule, alikuwa akipita na baiskeli yake. Akasimama kando ya ua, akatazama kwa muda bila kusema kitu, kisha akaniambia, "Mama, hiyo si mbolea. Chuma jani moja ulikunjue."

Nikachuma. Jani lilikuwa limejiviringa lenyewe, limebana kama mrija. Nililikunjua polepole kwa ukucha. Ndani walijaa vidukari wa kijani kibichi, wembamba na warefu kidogo, wamepangana kichwa kwa mkia, wakubwa kwa wadogo, na katikati yao vimetapakaa vingozi vyeupe walivyojivua, kama unga. Nikachuma jani la pili, nalo vivyo hivyo. Nilitembea hatua 50 hadi katikati ya shamba nikachuma jingine. Hali ilikuwa ileile.

Nikaenda dukani. Duka hilo sitalitaja, wala sidhani muuzaji alikuwa na nia mbaya. Aliniuzia dawa ya wadudu ambayo huua kwa kumgusa mdudu. Nikamlipa kijana mwenye pampu, akapiga shamba lote kwa siku mbili. Siku ya nne nikakunjua jani tena. Walikuwa hai, wametulia ndani ya mrija wao. Tone la dawa lilikuwa limekaukia nje ya jani, na mdudu alikuwa ndani. Ikabidi ninunue dawa ya pili, ile inayonyonywa na mmea na kusafiri ndani yake, ambayo bei yake ilikuwa karibu mara tatu. Kufikia hapo majani mengi yalikuwa yameshapoteza rangi. Masuke yalipotaka kutoka, ndevu zake zilinaswa ndani ya jani la juu lililojiviringa, nayo yakatoka yamepinda kama ndoana. Suke lililopinda namna hiyo hubeba punje chache na nyepesi. Ekari iliyokuwa ikinipa magunia 17 ikanipa 6. Nikauza ng'ombe mmoja kulipa deni la trekta.

Mdudu huyu kwa Kiswahili naweza kumwita kidukari wa Urusi, maana ndivyo dunia inavyomwita. Asili yake ni Asia ya Kati, Iran na kusini mwa Urusi. Ethiopia walimwona mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye shayiri. Afrika Kusini alifika mwaka 1978, Mexico 1980, na Texas nchini Marekani 1986. Hapa Kenya aliripotiwa mwaka 1995. Australia, nchi yenye karantini kali kuliko nyingi duniani, ilijitahidi kumzuia hadi mwaka 2016, naye akaingia. Wamarekani walihesabu hasara ya zaidi ya dola milioni 800 katika miaka michache ya kwanza tu. Hapa kwetu watafiti wameshaandika kuwa shamba lililoshambuliwa vibaya linaweza kupoteza sehemu kubwa kabisa ya mavuno yake. Mimi hilo sina haja ya kulisoma.

Anaumiza hivi. Vidukari wengine wengi wa ngano hunyonya utomvu tu na kusambaza ugonjwa wa virusi. Huyu ana jambo la ziada: mate yake yana kitu kinachovunjavunja kile kijani cha jani, yaani vile vyumba vidogo ambamo mmea hutengenezea chakula chake kwa mwanga wa jua. Ndipo inapotoka ile mistari myeupe. Jani likishaumizwa namna hiyo linashindwa kufunguka, linabaki limejiviringa, na mdudu anakuwa amejijengea nyumba. Humo ndani wadudu rafiki kama kombekombe hawamfikii kwa urahisi, na dawa ya kugusa haimfikii. Tena katika nchi nyingi alikohamia, madume hawaonekani. Jike huzaa majike watupu, hai, bila kutaga mayai, na hao wanazaliwa wakiwa na watoto tumboni tayari. Jua likiwaka na mvua ikiwa haba, ndipo anapostawi. Kwa hiyo hunikuta wakati ngano yangu imeshachoka kwa ukame.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Iko ngano ambayo mdudu huyu akitua juu yake, jani halijiviringi. Namaanisha ngano ya kawaida, inayotoa unga na chapati kama hii tunayolima, ila ndani yake ina jeni, yaani kibeba urithi, moja au zaidi zinazoipa ukinzani. Wataalamu wanasema ukinzani huo huja kwa njia tatu. Kuna mmea ambao mdudu haupendi, akitua anahama. Kuna mmea ambao akiula anadhoofika, anazaa wachache na kufa mapema. Na kuna mmea ambao unaliwa lakini unavumilia, jani linabaki wazi na la kijani, suke linatoka limenyooka. Kwa mkulima, hata ile njia ya tatu peke yake ni ukombozi, kwa sababu jani likibaki wazi, kombekombe anampata mdudu, na dawa, ikihitajika, inamfikia.

Afrika Kusini ndio walioonyesha njia. Baada ya miaka ya kupiga dawa kwa ndege na kwa trekta, mtafiti wao, Du Toit, alipata mwaka 1987 kwamba ngano mbili za kigeni zilizohifadhiwa kwenye ghala la mbegu zilikuwa na jeni za kumkinga mdudu huyu. Moja ilitoka Iran, nyingine Bulgaria. Jeni hizo zikaitwa Dn1 na Dn2. Wakazipandisha na ngano zao, na mwaka 1992 kituo cha utafiti cha mji wa Bethlehem, hukohuko Afrika Kusini, kikatoa aina ya Tugela DN, ngano ya kwanza kutolewa ikiwa na ukinzani huo. Zilifuata nyingine zaidi ya 20. Mkulima wa pale alinunua gunia la mbegu, akapanda, kinga ikiwa imo ndani.

Nataka Mheshimiwa Waziri atulie hapa kidogo. Ile ngano ya Iran haikutengenezwa na mwanasayansi. Ilikuwa ngano ya wakulima, waliokuwa wakichagua masuke mazuri na kuyarudisha ardhini vizazi kwa vizazi, mahali ambapo mdudu huyu ni mwenyeji. Walipokuwa wakihangaika na mimea iliyokufa na kubakiza iliyosalia, walikuwa wakitutunzia sisi dawa bila kutujua. Mtu fulani akaichukua kiganja kimoja, akaiweka kwenye hifadhi, akaiandikia namba. Miaka mingi baadaye namba hiyo ikaokoa wakulima wa bara jingine. Nasi tunayo hifadhi yetu ya mbegu pale Muguga. Naomba msiione kama stoo ya vitu vya kale ambayo bajeti yake hukatwa kwanza. Vita vilipoifikia Aleppo nchini Syria, kituo cha ICARDA, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, kilichokuwa na mkusanyo mkubwa wa ngano na shayiri kililazimika kuuacha. Kwa kuwa nakala za mbegu zao zilikuwa zimewekwa akiba Svalbard, kule Norway karibu na ncha ya dunia, mwaka 2015 waliziomba zirudi, wakazipanda upya Lebanon na Morocco. Wasingekuwa na nakala, leo tungekuwa tunazungumza kuhusu jeni zilizopotea milele.

Hata hivyo siwaandikii niwaambie leteni Tugela DN yatosha. Ningekuwa nawadanganya, na najua watafiti wa Njoro wangetikisa kichwa.

Colorado, nchini Marekani, walitoa ngano yao ya kwanza yenye ukinzani mwaka 1994, wakaiita Halt. Ilikuwa na jeni nyingine, Dn4, iliyotoka kwenye ngano ya Turkmenistan. Wakulima wakaipenda, zikafuata nyingine zenye jeni hiyohiyo. Mwaka 2003, majani ya ngano hizo yakaanza kujiviringa. Alikuwa mdudu yuleyule kwa sura, lakini bayotaipu mpya, yaani ukoo mwingine ndani ya kabila lilelile, ambao Dn4 haikuusumbua. Karibu kila jeni waliyokuwa nayo iliangushwa, ikabaki imara Dn7, ambayo asili yake ni nafaka ya rai. Afrika Kusini nao wakapata bayotaipu yao ya pili mwaka 2005, ya tatu 2009, ya nne 2011. Na Wamarekani walipojaribu Dn4 mbele ya vidukari waliotoka nchi nyingine, vidukari wa Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini, waliishinda. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2007 watafiti wetu wenyewe walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba vidukari wa Kenya nao hawafanani wote. Kwa hiyo mbegu iliyofaulu Colorado au Bethlehem haiwezi kuletwa hapa kwa imani tu. Lazima ikutanishwe na mdudu wa hapa, wa Timau, wa Mau Narok, wa Njoro, na jibu lake lionekane.

Nchi hii inajua maana ya kutegemea jeni moja kuliko nchi yoyote duniani. Kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu wa ngano, ya aina iitwayo Ug99 ilitambuliwa Uganda mwaka 1999. Iliivunja jeni ya kinga iitwayo Sr31, ambayo ngano nyingi duniani zilikuwa zimeiegemea, nayo pia ilitoka kwenye rai, tena kwenye mkono uleule wa kromosomu, ule uzi unaobeba jeni, inakokaa Dn7. Norman Borlaug, mzalishaji mashuhuri wa mbegu za ngano, akiwa mzee wa miaka 91, alipiga kelele mwaka 2005 dunia ikaamka, na Njoro ikawa mahali ambapo maelfu ya ngano za majaribio kutoka nchi nyingi huletwa kila mwaka kupimwa kwa kutu, msimu mkuu na msimu wa katikati. Ukipita pale wakati wa majaribio unaona vibao vidogo visivyo na idadi. Mwaka 2011 tukapata Robin na Eagle 10. Nimeilima Robin. Nasema asante, na nasema kwa moyo wangu wote, kwa sababu bila kazi ile huenda tusingekuwa na ngano ya kulalamikia wadudu.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni jepesi kueleweka. Heshima mliyoipa kutu, mpeni na kidukari. Watafiti wa Njoro na wa Chuo Kikuu cha Egerton wameshapima ngano dhidi ya mdudu huyu, na wameshafanya kazi ya kuunganisha ukinzani wa kutu na ukinzani wa kidukari ndani ya mmea mmoja. Ujuzi upo. Ninachoomba ni kwamba kupimwa kwa kidukari kusiwe kazi ya mradi, ambayo mfadhili akiondoka vibanda vya wavu vinabaki vinapigwa na upepo. Iwe ni sharti la kudumu. Kila aina ya ngano inayoletwa kwenye majaribio ya kitaifa ili ipewe kibali, ikutanishwe na vidukari waliokusanywa mashambani kwetu, mahali zaidi ya pamoja, na angalau mahali pamoja pawe pakavu kama huku. Sisemi kila aina itakayoshindwa inyimwe kibali. Iandikwe tu. Nikinunua mbegu leo naambiwa urefu wake, siku zake za kukomaa, mavuno yake na msimamo wake mbele ya kutu. Katika miaka 19 hakuna aliyewahi kuniambia dukani itafanya nini mbele ya kidukari. Mstari mmoja uandikwe kwenye gunia: inakinza, inavumilia, au inashambuliwa. Mstari huo mmoja ungeniambia mapema kama niweke akiba ya pesa za dawa au ninunue mbegu nyingine.

La pili linahusu namna ya kuzitumia jeni. Kanada wana mdudu mwingine wa ngano, nzi mdogo wa rangi ya machungwa ambaye funza wake hula punje changa. Walipata jeni moja tu ya kumzuia, Sm1, na walijua ikiwekwa peke yake kila mahali itavunjika. Tangu 2010 mbegu yao huuzwa ikiwa imechanganywa: sehemu 90 kwa 100 ni ngano yenye jeni, na 10 ni ngano isiyo na kinga, ili wadudu wa kawaida wapate pa kuishi, wapandane na wale wachache walioizoea jeni, na uzao wao ubaki dhaifu. Mkulima husaini ahadi ya kutorudia mbegu yake zaidi ya mara moja ili mchanganyiko usipotee. Naipenda sana akili iliyomo humo. Lakini ona ugumu wetu: kidukari asiye na dume hapandani na yeyote. Akipatikana mmoja aliyeishinda jeni, watoto wake wote wanaishinda, na wajukuu, na vitukuu, ndani ya wiki chache. Hila ya Kanada haiwezi kutufaa kama ilivyo. Kinachotubakia ni kuweka jeni mbili tatu pamoja ndani ya mbegu moja, ili mdudu aliyevuka moja akutane na nyingine, na kuongeza ule uvumilivu wa kawaida ambao haumlazimishi mdudu kubadilika upesi. Kazi hiyo ni ndefu. Kutoka kupandisha hadi gunia la mbegu ni miaka minane, kumi, hata kama vipimo vya maabara vinavyoonyesha jeni bila kungoja mdudu vinafupisha njia. Bajeti ya mwaka mmoja mmoja, inayokatwa kila Juni, haiwezi kuibeba kazi ya miaka kumi. Mheshimiwa Waziri, hapo ndipo saini yako inapohitajika.

Niseme na la GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni maabara, kwa sababu najua nikitamka neno jeni mahali popote hapa kijijini mtu atauliza. Tangu marufuku ilipoondolewa Oktoba 2022, mjadala umekuwa mkali, kesi zimeenda mahakamani, na watu wana hofu zao ambazo sizidharau. Ninayoiomba mimi si hiyo. Dn1 na wenzake waliingia kwenye ngano kwa chavua, kwa mkono wa mtu aliyeinama na kikoleo kidogo, kama ngano zote tunazokula zilivyozalishwa. Na wale wanaodhani uhandisi wa jeni ungemaliza mambo kwa mkato wajue kwamba Waingereza wa kituo cha utafiti cha Rothamsted walitengeneza ngano inayotoa harufu ya hatari ya vidukari, ile harufu wanayoitoa wakishambuliwa ili wenzao wakimbie. Maabara ilifanya kazi vizuri. Shambani, mwaka 2012 na 2013, vidukari hawakukimbia. Walichapisha ukweli huo mwaka 2015 bila kuficha, na nawaheshimu kwa hilo.

La tatu ni macho. Naomba kila msimu watu watembee mashambani, kutoka Timau hadi Narok, wakusanye vidukari, wawajaribu kwenye seti ileile ya ngano zenye jeni zinazojulikana, na matokeo yatangazwe kwa wakulima kabla ya kupanda. Kutu inafuatiliwa hivyo. Magavana, hapa ndipo mnapoingia ninyi, maana ugani ni kazi ya kaunti. Afisa wa ugani wa wadi yetu ni kijana mwenye bidii, lakini ana pikipiki moja na wadi tatu. Mpeni petroli na chupa za spiriti za kuhifadhia wadudu. Sisi wakulima tutamchumia majani.

Na sisi tuna sehemu yetu, siikwepi. Baada ya kuvuna, punje zilizomwagika huota zenyewe, na ngano hiyo ya maotea hubaki kijani pembezoni na barabarani hadi msimu mwingine. Ndimo kidukari anamolala akingoja. Wengi wetu huiacha kwa ajili ya kondoo. Nimeanza kuing'oa na kuigeuza mapema, na nimewaomba majirani tufanye pamoja, maana mdudu mwenye mabawa hajui mpaka. Pia tunajua kwamba kurudia mbegu ya nyumbani miaka mitano mfululizo, iliyochanganyika na ya jirani, kunaua kazi ya mzalishaji. Lakini mtuelewe. Mbegu iliyothibitishwa ikiuzwa kwa bei ambayo mkulima wa ekari tatu haifikii, atarudia tu ya ghalani. Aina yenye ukinzani ikitolewa kisha ikaishia kwenye mashamba makubwa yenye kombaini zao, mdudu ataendelea kuzaliana katika vishamba vyetu na kuwarukia wao pia.

Kuna jambo moja ambalo linanikosesha usingizi kuliko pesa. Yule kijana aliyepiga dawa shambani kwangu alivaa shati la mikono mifupi na kitambaa puani. Nilimpa glavu, akazivua, akasema zinamtelezesha pampu. Jioni alilalamika kuumwa kichwa na macho kuwasha. Nilimpa maziwa kama tunavyofanya huku, ingawa najua maziwa si dawa ya sumu. Msimu uliofuata alirudi kutafuta kazi ileile, kwa sababu ndiyo iliyopo. Zile dawa za kuingia ndani ya mmea, tatu kati ya zinazotumika sana ziliondolewa kwenye mashamba ya wazi katika Umoja wa Ulaya mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Dada yangu anafuga nyuki kilomita mbili kutoka hapa. Kila mara ninapopiga dawa namwarifu kwanza, naye hufunga mizinga yake usiku. Ngano inayojikinga yenyewe ingenipunguzia simu hizo, na ingemwacha kijana yule atafute kazi nyingine pamoja nami, ya kupalilia au ya kupakia magunia.

Nchi hii inaagiza kutoka nje sehemu kubwa zaidi ya ngano inayokula. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, tuliona unga ukipanda bei hadi mama wa chapati pale stendi akapunguza ukubwa wa chapati badala ya kupandisha bei, kwa kuwaonea haya wateja wake. Tunaambiwa tuzalishe zaidi. Tuko tayari. Ardhi ya huku si mbaya, na mikono ipo. Lakini kuongeza ekari juu ya ekari huku mbegu ikiwa haina kinga ni kumtandikia kidukari meza ndefu zaidi.

Sijui kama barua ya mkulima wa ekari 12 hufika mezani kwenu. Ikifika, naomba majibu ya maswali haya matatu, kwa maandishi, kabla ya mvua za Machi. Je, ngano zinazosubiri kibali sasa zimekutanishwa na kidukari wa Kenya, na zilifanyaje? Je, matokeo hayo yanaweza kuwekwa wazi na kuandikwa kwenye gunia? Na je, kazi ya kuunganisha jeni za kutu na za kidukari pale Njoro ina fungu la pesa za serikali, la miaka mingapi?

Mkipenda, njooni Timau wenyewe mwone. Njooni Juni, ngano ikiwa na majani manne au matano, kabla jua halijapanda sana. Nitawapa kila mmoja jani lake alikunjue.

Kwa heshima,

Mkulima wa ngano,
Timau, Kaunti ya Meru